Mwosha wa Nambunju

Bi Mwahija binti Likwata alikuwa ameosha maiti wa kike wa Nambunju kwa miaka ishirini na miwili, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwuliza maji anayatoa wapi. Yangetoka wapi? Mto ulikuwa pale pale, nyuma ya mikorosho ya mwisho. Mwanamke akifariki, wasichana walishuka na mitungi, wakapanda na maji, na Bi Mwahija akawapokea mlangoni. Alikuwa na desturi aliyoachiwa na shangazi yake: kabla maji hayajamgusa maiti, aliyatazama, akayanusa, akatia tone moja ulimini. Shangazi alimfundisha kwamba maji ya kumtoharisha mtu ni yale ambayo hayajabadilika rangi, wala harufu, wala ladha. Kwa Bi Mwahija lilikuwa jambo la kutimiza tu, kama kupiga bismillahi kabla ya kula. Hakuwahi kuyarudisha maji hata mara moja.

Mwaka wa hamsini na moja bei ya katani ikapanda huko Ulaya, na shamba la mkonge lililokuwa mwendo wa saa moja juu ya kijiji likajenga korona, ile mashine kubwa ya kukamulia majani. Jani la mkonge ni maji matupu. Korona hulitafuna, nyuzi zikatoka upande huu, na upande wa pili yakatoka maganda yaliyopondeka na utomvu wa kijani, kutwa kucha. Takataka hizo zilipitishwa kwenye mfereji mpaka mtoni, kwa kuwa mto ulikuwa karibu na hakuna aliyeona sababu ya kuzipeleka kwingine.

Siku ya kwanza samaki walielea. Kambare na perege walishuka na mkondo, matumbo juu, na watu wakaingia majini na vikapu huku wakicheka. Jioni ile hapakuwa na chungu Nambunju kisichonukia mchuzi wa samaki. Jumbe Bakary, mkuu wa kijiji, alisema riziki ikija yenyewe haiulizwi ilikopita. Bi Mwahija naye alikula. Baadaye, watu walipomwuliza alianza lini kuuogopa mto, alisema si siku ile; siku ile alishiba.

Mto ukabadilika pole pole, na watu wakabadilika nao. Povu lilipoanza kushika kwenye matete, walilisukuma kando kwa kibuyu ndipo wakateka. Maji yalipogeuka rangi yakawa kama ya kisamvu kilichochachuka, wanawake waliacha kuteka mkondoni, wakafukua vishimo kwenye mchanga wa ukingoni na kungoja maji yachujike. Mwaka wa pili hata vishimo vilinuka. Watoto walijikuna mpaka miguu ikatoka vidonda. Wazee walisema maji yatembeayo hayashiki uchafu. Ndivyo walivyoambiwa na baba zao. Wengine walisema hayo ni majani tu, na nani aliyewahi kufa kwa majani? Vijana waliopata kazi korona, nao walikuwa karibu thelathini, walisema kwa mzaha kwamba ile ni harufu ya sukari. Na kweli, sukari ilikuwa imefika Nambunju, na taa za chemni, na kaniki mpya kila Idi. Shamba liliuezeka msikiti mabati, likaweka na tangi la kukingia maji ya mvua, ili watu watawadhe pale pale. Baada ya hapo kuulalamikia mto kulikuwa kama kukosa adabu.

Bi Mwahija hakulalamika. Mkwewe Mfaume, mume wa binti yake wa pekee Tawakali, alikuwa akipanga majani kwenye mkanda wa korona, na alikuwa mtu mwema. Alirudi jioni na ngozi ya mikono imebabuka kwa utomvu, akasalimia akiwa amegeuza uso pembeni kama mila inavyomtaka mtu mbele ya mama mkwe, akaweka mlangoni kifurushi cha chai au kipande cha sabuni. Ungemwambia nini mtu kama huyo?

Kiangazi cha mwaka wa hamsini na mbili, mto ukiwa umepungua mpaka magotini, akafa bibi mmoja aitwaye Mwanaima. Ufuo ukachimbwa chumbani, lile shimo la kupokea maji ya josho, kitanda kikawekwa juu yake, majani ya mkunazi yakapondwa. Wasichana wakaleta maji. Bi Mwahija akayatazama kwenye mtungi, akayanusa, akatia tone ulimini. Akatema kando. Kisha akasema yarudishwe.

Watoto wa marehemu walidhani hawakusikia vizuri. Alipokataa mara ya pili, wakamwita Maalimu Yunusu, aliyekuwa akisalisha msikitini na kusomesha watoto. Maalimu aliyanusa maji, akasema kwa sauti ya chini kwamba jani likijiangukia majini haliyaharibu. Bi Mwahija akamwuliza, na lile lililotiwa kwa mkono wa mtu? Maalimu akatazama ufuo. Akasema palipo na dhiki pana nafasi, wenye maiti waamue wenyewe. Wenye maiti hawakutaka kubeba jambo hilo shingoni mwao, na tangi la msikiti lilikuwa la udhu tu, kwa hiyo vijana wanne wakatumwa chemchemi ya kilimani Mtondoo, saa mbili kwenda na saa mbili kurudi. Joto lilikuwa kali. Udongo wa mwisho ulitiwa kaburini jua likiwa linazama, na harufu ya maiti ilikuwa imeanza kuwafikia waombolezaji. Wana wa Mwanaima hawakumpa Bi Mwahija mkono. Kumchelewesha mama yao namna ile, walisema, ni kumdhalilisha, na yote kwa sababu ya ulimi wa mwanamke mmoja.

Wiki chache baadaye alikuja bwana afya kutoka Kilwa, kijana wa kaptura nyeupe, na sanduku la chupa begani mwa tarishi. Alikuwa kwenye mzunguko wake wa kawaida, akikagua vyoo na chanjo. Aliiona miguu ya watoto, akamwomba jumbe aitishe baraza, na watu walipokusanyika akauliza kama maji ya mto yanawasumbua. Jumbe Bakary akajibu kwa niaba ya wote kwamba hawana taabu, wanamshukuru Mungu na serikali. Bwana afya akaanza kufunga daftari. Hapo Bi Mwahija, aliyekuwa ameketi nyuma pamoja na wanawake, akainuka. Hakuwa amekusudia kuinuka.

"Maji haya mimi siwezi kumwoshea maiti," alisema. "Sijui kama yanamfaa aliye hai."

Watu wote wakamgeukia. Kijana akaandika, akashuka mtoni kujaza chupa mbili, akaondoka.

Hata siku kumi hazikutimia. Asubuhi moja nyapara wa korona alisimama getini akasoma majina ya watu wa Nambunju, mmoja mmoja, akawaambia warudi kwao. Kama mto unawadhuru, wasije wakadhurika zaidi. Meneja hakutokea. Wanaume ishirini na wanane wakarudi kijijini, vibuyu vyao vya uji bado vimejaa, na Mfaume alikuwa mmoja wao. Jioni hiyo alikaa uani akichonga mpini wa jembe. Hakumtupia mkwewe neno la lawama, wala siku hiyo wala baadaye. Aliyesema ni Tawakali. Alikuwa na mimba ya miezi saba, amekaa kizingitini, miguu ameinyoosha.

"Mama, ungenyamaza," alisema.

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayemwambia mwenziwe kwamba amesahau kufunga mlango na mbuzi wameingia. Bi Mwahija alilibeba neno hilo siku zote zilizofuata.

Kijiji hakikumtukana, kilimwacha tu. Salamu zake ziliitikiwa, lakini mwenye kuitikia alikuwa ameshapita. Mwanamke mwingine alipofariki mwezi ule, wenyewe walimleta mwosha kutoka kijiji jirani kilicho chini ya mto, ambaye aliosha kwa maji aliyopewa na hakuuliza kitu. Bi Mwahija alisikia vilio akiwa nyumbani kwake. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ujana wake kusikia msiba wa Nambunju akiwa amekaa bila kazi mikononi.

Kazi aliyojipa ikawa ni kumchotea Tawakali maji. Kila alfajiri alipanda Mtondoo na debe kichwani, akarudi jua likiwa juu. Debe moja. Kwa mtu wa umri wake hilo ndilo aliloliweza. Nusu kwa kunywa, nusu kwa kupikia. Ya kuoga na kufulia yalibaki yale ya mto. Chemchemi nayo ilikuwa ikipungua. Mwezi wa kumi ulipoanza, ililazimu akae kando yake akichota kwa kifuu, akingoja kila kifuu kijae, na siku moja alipofika akakuta tope, na nyuki juu ya tope. Kijiji cha Tingi kulikuwa na visima, lakini Tingi ni safari ya kutwa, kwenda na kurudi. Mfaume alikwenda mara mbili. Kisha mvua za kwanza zikakaribia, ikambidi kulima, maana hawakuwa tena na chochote ila shamba.

Tawakali akajifungua salama mtoto wa kike, wakamwita Kazija. Siku ya tisa akashikwa na homa na tumbo la kuendesha. Bi Mwahija alimpikia uji wa mtama, akamchemshia mizizi, akamkanda. Maji ya kumpoza homa yalikuwa ya mto, yaliyochemshwa, na yalipochemka nyumba nzima ilinuka kama majani yaliyooza. Siku ya kumi na tatu, kabla ya jua kuchomoza, Tawakali alimwomba mama yake ainue kichwa chake kidogo. Akamwinua. Alikaa amemwegemeza vile mpaka mkono ukafa ganzi, ndipo akatambua kwamba binti yake alikuwa ameondoka zamani.

Wengine walisema ni maji. Wengine walisema ni homa ya uzazi, ambayo ilikuwapo kabla ya korona na itakuwapo baada yake. Bi Mwahija mwenyewe hakusema kamwe kwamba ni maji. Alikuwa ameosha wanawake wengi mno waliokufa na mto ukiwa mzuri.

Wanawake walikuja, kwa kuwa msiba haususwi. Walikuja hata wa nyumba ya marehemu Mwanaima, na mke wa mmoja wa wanawe, mwenye mtoto wa miezi mitatu mgongoni, akamwokota Kazija mkekani, akaketi pembeni, akamnyonyesha. Wasichana wakaleta mitungi mitatu ya maji ya mto, wakaiweka mlangoni, wakarudi nyuma.

Bi Mwahija hakuhangaika kuyaonja. Aliwaambia wayamwage kwenye migomba.

"Mwahija," alisema mzee mmoja wa kike, rafiki yake wa utotoni, "huyu ni mwanao."

"Ndiyo maana," alijibu.

Ndani kulikuwa kumebaki kibuyu kimoja cha maji ya Tingi, aliyokuwa akimnywesha mgonjwa. Kwa maji hayo alimsafisha mwanawe uchafu wa ugonjwa, kwa kitambaa, kidogo kidogo, asimwage hata tone. Yalitosha kwa hilo tu. Kisha akamfunika, akatoka nje walikokuwa wanaume, jambo ambalo mwanamke mfiwa hafanyi, akaenda moja kwa moja kwa Maalimu Yunusu.

Mfaume alikuwa ameketi chini, kichwa kati ya magoti.

"Maalimu," alisema Bi Mwahija, "tayamamu inajuzu lini?"

Maalimu Yunusu alilielewa swali haraka kuliko wengine, na uso wake ukaonyesha. Tayamamu ni udongo badala ya maji. Ni ya msafiri jangwani, ya mgonjwa asiyeweza kuguswa na maji, si ya maiti aliyelazwa hatua mia mbili kutoka mtoni, mto wenyewe unasikika. Lakini kulikuwa na jambo la pili, zito zaidi. Tangi la msikiti lilikuwa limekauka tangu mwezi wa nane. Kwa siku zaidi ya sitini wanaume wote wa Nambunju walikuwa wakishuka kutawadha kwenye mto ule ule, yeye akiwa mbele, kisha wakapanga safu nyuma yake. Akimjibu huyu mwanamke, atakuwa amewajibu wote.

"Maji yakikosekana," alisema hatimaye.

"Nawe wasemaje? Yapo au yamekosekana?"

Mtoto akalia ndani, akanyamazishwa. Jumbe Bakary akakohoa, akasema si wakati wa masuala ya kitabu, maiti anangoja na jua linapanda. Maalimu hakumtazama. Alikuwa akimtazama Mfaume, au pengine mikono ya Mfaume, ile ngozi iliyokuwa bado haijapona.

"Yamekosekana," alisema. "Fanya tayamamu, Bi Mwahija. Mimi nitamsalia."

Jumbe akauliza, kwa sauti ya mtu aliyeogopa kweli, na hizo sala zetu tangu mwezi wa nane? Maalimu akajibu kwamba watazilipa, na wa kwanza kuzilipa atakuwa yeye. Alipokuwa akisema hayo machozi yalimtoka, nao walidhani anamlilia marehemu.

Bi Mwahija akarudi ndani. Alimtuma msichana akachote udongo mkavu safi penye kivuli cha ukuta, usiokanyagwa, akauweka kwenye ungo. Wanawake walishika shuka pande nne, kama ilivyo ada. Akatia nia. Akapiga viganja juu ya udongo, akavikung'uta, akampangusa mwanawe uso, kuanzia kwenye paji mpaka kidevuni. Akapiga mara ya pili, akampangusa mkono wa kulia mpaka kiwiko, kisha wa kushoto. Ikaisha. Viganja vyake vilibaki hewani vikingoja kazi ile nyingine ndefu viliyoizoea, kumwaga na kusugua, kuanzia upande wa kulia na kumalizia kushoto, mara tatu, ya mwisho na karafuu maiti. Hakukuwa na kazi nyingine. Ufuo uliochimbwa chini ya kitanda ulikuwa mkavu. Kwenye uso wa Tawakali paliachwa vumbi jembamba, hasa kwenye nyusi, na wanawake walioona walisema baadaye kwamba alionekana kama mtu aliyetoka kupura mtama. Hapo ndipo Bi Mwahija alipolia kwa sauti.

Walimzika kabla ya adhuhuri.

Ijumaa iliyofuata Maalimu Yunusu alisimama mimbarini chini ya mabati ya shamba, akawaambia watu kwamba maji ya mto hayafai kwa udhu. Hakusema zaidi. Nusu ya watu walimfuata. Walitayamamu, wakawa wakilipa sala za nyuma baada ya kila sala, na ukipita msikitini usiku wa isha uliwakuta bado wako ndani. Nusu walisema Maalimu ameyeyushwa na kilio cha mwanamke, wakaendelea kushuka mtoni. Ndugu wawili wa tumbo moja waliacha kusali safu moja. Jumbe alipata barua kutoka Kilwa, akaisoma barazani: maji ya zile chupa mbili yamepimwa, hayakuonekana kuwa na sumu ya kumwua mtu, ingawa wananchi wanashauriwa kuyachemsha. Watu wakatazamana. Hakuna aliyejua kama ameshinda au ameshindwa.

Kisha mvua zikanyesha. Mto ukajaa, ukachukua povu na maganda na vishimo vya mchanga vyote, ukawa mwekundu kwa udongo, kisha ukatulia. Tangi la msikiti likafurika. Shamba lilihitaji watu, likawaita wa Nambunju warudi, na wengi walirudi siku ile ile waliyoitwa. Mambo ya udhu hayakuzungumzwa tena. Haikuwa kwamba watu wameafikiana. Hapakuwa tena na cha kugombania mpaka kiangazi kingine.

Maalimu alikuja mwenyewe kumwomba Bi Mwahija arudi kwenye kazi yake, akasema wanawake wanamtaka. Bi Mwahija alimshukuru, akamwambia hana mikono hiyo tena. Alikuwa ameamua kwenda kwa dada yake Maftaha, Kilwa Kivinje, kulikokuwa na visima vya mawe na mpwa wake anayenyonyesha, akamlee mtoto huko. Mfaume hakupinga. Alisimama nje ya mlango, uso pembeni, akasema:

"Mama, nami nimeitwa kazini."

"Nenda, baba," alisema. "Mtoto anahitaji."

Siku ya safari Mfaume aliwasindikiza, amebeba mkeka na sanduku la marehemu. Bi Mwahija alimfunga Kazija mgongoni. Njia ya Kivinje huukata mto kwenye kivuko cha mawe, chini kidogo ya kijiji. Walipofika, Mfaume aliweka mizigo, akapiga magoti, akachota maji kwa viganja viwili, akanawa uso, kisha akanywa. Akanywa tena. Alikuwa ametembea kwenye jua, na maji yalipita baridi juu ya mawe, unaona mpaka chini.

"Yamesafika, mama," alisema, akisahau mila na kumtazama usoni.

Sauti ya korona ilisikika kwa mbali kutoka juu. Bi Mwahija alimwona jinsi anavyotamani akubaliwe jambo hilo moja. Akavuta upande wa kanga akamfunika mtoto kichwa, kwa sababu ya jua, akapandisha nguo mpaka magotini.

"Haya, tuvuke," alisema.